Vikombe Vinne kwa Huweishil

Siku ya kwanza kuonana na Mizna binti Said nilikuwa nimekaa mchangani, kanzu yangu imelowa mafuta ya gari, na yeye ananicheka. Alicheka kwa macho tu. Wanawake wa Kiwahiba, mabedui wa jangwa hili, huvaa barakoa, na ya kwake ilikuwa mpya, nyeusi ya kung'aa, imemfunika kuanzia kipaji mpaka juu ya mdomo. Mimi ni dalali wa soko la Sinaw, nauza mifugo na pikapu za foo-wili, na asubuhi ile nilikuwa nampelekea mteja gari nililolisifu wiki nzima kwamba mchanga haulijui. Tulipoiacha lami hazikupita kilomita tatu, mchanga ukalijua.

Mizna alisimamisha gari lake mbali, pagumu, akaja kwa miguu. Alilizunguka gari langu mara moja bila kunisalimu sana. Akaokota kijiti cha mghafu, mti wa huku mchangani, akakisukuma kwenye ulimi wa tairi la mbele, na upepo ukaanza kutoka kwa mluzi. Nikamwambia aache, sina pampu ya kuyajaza tena.

"Una mabawa?" akaniuliza.

Nikasema sina.

"Basi kaa pembeni."

Alitoa upepo matairi yote manne mpaka yakatanuka ubavuni. Akafukua mbele ya kila tairi, si shimo, bali njia ndefu yenye mwinuko mdogo. Akafunga kamba, akanikataza kukanyaga mafuta mpaka kamba ikaze, akanivuta. Haikufika nusu saa. Nikatoa riali tano. Akazitazama kama mtu aliyeonyeshwa tiketi ya basi ya mwaka jana.

Malipo yake yalikuwa mengine. Huku ukikaribishwa kahawa huulizwa habari, na jibu ni moja kwa watu wote: hakuna ila kheri. Hata kama umetoka kuzika, kwanza ni hakuna ila kheri, mengine baadaye. Mimi mzaliwa wa Wete jambo hilo halikunishinda, maana hata kwetu tunajibu njema kwanza, kisha ndipo tunasema ila. Mizna alitaka kila aliyevutwa naye alivunje jibu hilo. Ukishika kikombe na kuulizwa habari, useme: habari ipo, nimezama mahali fulani, kwa kosa fulani, na aliyenitoa ni Mizna binti Said. Na useme hivyo kwenye baraza saba za kahawa.

Nilimweleza kwamba ninauza magari, na nikilitangaza jambo hili mara saba sitauza hata baiskeli.

"Basi uza mbuzi."

"Nitasema mara moja," nikamwambia.

"Mzinjibari wewe, nimelivuta gari zima au nusu yake?"

Tulivutana jua likapanda, tukakubaliana baraza tatu. Nilisema mbili kweli, kwa shida, na watu wakanicheka ipasavyo. Ya tatu nilimsimulia mzee Sabih wa Ibra, ambaye masikio yake yalikwisha kazi zamani. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia alhamdulillahi. Soko lililofuata Mizna alinikuta kwenye duara la mnada akaniuliza mbele ya wenzangu, "Nimesikia umemsimulia Sabih. Na Sabih kamsimulia nani?" Hapo ndipo biashara yetu ilipoanza, maana nilijua nimepata mtu ambaye nikimdanganya atajua, na mtu wa namna hiyo hupunguza kazi.

Alikuwa mjane asiye na mtoto. Mume alimwachia ngamia watano na kigari kibovu, na yeye akawa ndiye anayewapeleka wanawake wa mabonde yale sokoni, hospitali, na kwenye mashamba ya mitende wakati wa joto. Mwaka wa pili baada ya kujuana aliuza ngamia wanne, akanunua kwangu Landikruza ya kubebea, nyeupe. Alitambaa chini yake na tochi mchana kweupe, akatoka na orodha ya maneno machafu juu yangu, akanishusha bei mpaka nikabaki na faida ya kahawa. Ngamia aliyebakiza alikuwa jike, jina lake Samha. Mama wa mama yake Samha ndiye aliyetolewa mahari ya nyanya yake Mizna. Ukoo mzima wa ngamia wale ulikuwa umebaki ndani ya tumbo moja, na hilo kila mtu alilijua, kwa sababu kila mnunuzi aliyemtaka alijibiwa hivyohivyo.

Katika miaka ile yote hakuna aliyewahi kumvuta yeye. Aliwafundisha hata vijana waliomdharau. Somo lake kubwa lilikuwa moja: ukipanda mchanga laini, mguu wako ukae palepale kwenye mafuta, usizidishe, usipunguze, na ukisikia gari linalegea ndiyo kabisa usiuinue. Wanaozama, alisema, ni wale wanaoogopa katikati.

Kuna mtu mmoja tu aliyevutwa na Mizna akakataa kulipa. Huweishil bin Dugheish, mwenye ngamia wa mashindano, alizama akirudi kutoka mbioni na ngamia wake aliyeshinda yuko nyuma amevalishwa shali. Mizna alimtoa mbele ya magari sita ya watu waliokuja kumpongeza. Huweishil alisema mwanamume hawezi kubeba habari kama ile kwenye kahawa za wanaume. Mizna akamjibu kwamba basi akae nayo, atailipa akiona imeanza kunuka. Hayo magari sita yaliyosikia yaliimaliza kazi, na miaka mitatu watu walikuwa wakimuuliza Huweishil kama habari imeshaanza kunuka.

*

Mwezi wa sita mwaka ule, kabla simu za mkononi hazijashika mchangani, nilikwenda kwa Mizna kutazama mbuzi. Tende zilikuwa zinaiva na mabonde yalikuwa matupu, kila familia imehamia mashambani kukimbia joto na kuvuna. Mizna alikuwa amechelewa kuhama kwa sababu ya Samha, ambaye mimba yake ilikuwa imetimia.

Nilimkuta amekesha. Samha alikuwa ameanza uchungu tangu usiku, na mtoto alikuwa ametoa mguu mmoja tu, kichwa kimegeukia nyuma. Mizna alikuwa ameingiza mkono mpaka begani mara nne na hakuweza kukigeuza. Lakini mtoto alikuwa hai. Alinionyesha: aliufinya ule unyayo mdogo uliotokeza, na unyayo ukajivuta ndani.

"Umeona?" akasema. "Anavuta. Mjini Mintirib yuko daktari wa wanyama, yule Msudani. Tukifika kabla ya adhuhuri tunawapata wote wawili."

Tuliirudisha pikapu kinyumenyume kwenye ukingo wa mchanga uliokuwa na kimo sawa na bodi ya nyuma ya gari, tukamwingiza Samha kwa kumsukuma na kumbembeleza, akapiga magoti, tukamfunga. Mimi nikakaa nyuma kushika shingo yake. Njia ndefu ya bondeni ilikuwa ya saa mbili na nusu. Mizna alichagua kuvuka kilima cha Hababi kuingia bonde la pili, ambalo njia yake ni ngumu, na kuokoa karibu saa nzima. Lilikuwa chaguo zuri. Alikuwa amekivuka Hababi mara zisizo na hesabu.

Matairi aliyapunguza upepo, lakini si sana, kwa sababu ya uzito wa nyuma. Tukaanza kupanda. Gari lilikuwa linakwenda vizuri, injini inavuma sauti moja, nami naona kileleni pamebaki kama urefu wa uwanja wa mpira. Hapo tukapiga kimgongo, gari likaruka kidogo, na Samha akatoa mlio ambao sijausikia kwa mnyama mwingine. Mlio ule ulipita dirishani mpaka mbele.

Mizna akauinua mguu.

Ilikuwa ni kufumba na kufumbua. Akakanyaga tena papo hapo, lakini mchanga ulikuwa umeshatushika. Gari likasimama limeinamia kulia, na kukawa kimya isipokuwa pumzi za ngamia.

Alishuka, akatazama matairi. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba hakuwa na haja ya kuambiwa. Saa mbili asubuhi ilikuwa haijapita na mchanga tayari ulikuwa unachoma nyayo.

Tulifukua. Gari tupu angelitoa peke yake, lakini mgongoni kulikuwa na ngamia mzima na nusu, na kumshusha haikuwezekana, kwa kuwa akishuka pale hapandi tena, na kila akijisogeza mtoto anazidi kukwama. Mizna alitoa upepo zaidi. Akatandika zulia la sufi mbele ya tairi moja na matandiko ya Samha mbele ya jingine. Akaniambia nikae kwenye usukani, niweke gia ndogo, nisiguse mafuta mpaka atakaponipigia kofi kwenye bodi, maana alitaka kwanza aende nyuma amlegezee Samha kamba ya goti ili uzito uhamie katikati.

Nilikaa. Nikaachia klachi taratibu, kama alivyosema. Na gari likasogea. Likasogea kama shubiri mbili, lenyewe, bila mafuta, na tairi la mbele likapanda juu ya zulia. Dalali akiona kitu kimeanza kusogea hukimbilia kufunga bei. Sikungoja kofi. Nilikanyaga.

Zulia lilitoka nyuma kama limetupwa. Matairi yalizunguka mara labda kumi, na gari likakaa tumbo, difu zote mbili ndani, mchanga umefika kwenye ngazi ya mlango. Mizna alikuja mbele, akaingiza mkono dirishani, akazima injini, akachomoa ufunguo na kuufunga kwenye ncha ya shela lake. Ningependelea anitukane.

Alirudi nyuma akaufinya unyayo. Ulijivuta, taratibu kuliko mwanzo.

"Aliyebaki mchangani ni Huweishil peke yake," akasema. "Yuko nyuma ya vilima viwili, chini ya ile mighafu mitatu. Ana gari na ana kamba."

Nikamwuliza nimwambie nini.

"Mpe anachotaka."

"Bi Mizna, unajua atakachotaka."

"Najua," akasema. "Nenda."

Akanipa chupa ndogo ya maji, akabaki na galoni. Nilipogeuka nyuma kileleni nilimwona anamwagia Samha maji kichwani, yale ya kunywa.

*

Nilitembea saa nzima na zaidi. Wenyewe huvaa soksi za sufi kwenye mchanga wa mwezi wa sita, mimi nilikuwa na kandambili, moja ikakatika. Sina haja ya kulielezea joto lile. Nilimkuta Huweishil amelala kwenye mkeka chini ya mghafu, ngamia wake wawili wamefungwa kivulini, Landikruza yake imeegeshwa hatua ishirini kutoka alipo. Ilikuwa imeelekezwa upande nilikotoka.

Akanyanyuka, akanisalimu, akaniulizia afya, akaniulizia watoto. Nikajibu. Akasukuma sahani ya tende, akamimina kahawa. Kuikataa kahawa ya mtu unayekwenda kumwomba ni kumtukana, kwa hiyo nikapokea kikombe cha kwanza.

"Habari?" akasema.

"Hakuna ila kheri," nikasema, na huku naona ule unyayo. "Ila Mizna binti Said amezama Hababi, na Samha yuko nyuma na uchungu, mtoto amekwama. Tunakutaka wewe, bin Dugheish."

Hakusimama. Alichukua kikombe changu, akakijaza tena, kwa sababu sikukitikisa. Huku ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo ndipo mwenyeji anaacha kumimina. Kutokukitikisa ni kusema bado tuko pamoja, tunaendelea.

"Mizna kazama?" akauliza. "Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha?"

"Yeye."

Alitabasamu muda mrefu. Kisha akasema anachotaka. Kwanza, ile habari yake ya miaka mitatu ifutwe, asidaiwe tena na mtu. Pili, Mizna aseme yake, kwa mdomo wake, Alhamisi, Sinaw, mbele ya wanaume, soko likiwa limejaa. Baraza saba.

Sasa hapa nieleze vizuri, maana ndipo penyewe. Mizna alikuwa ameniambia nimpe anachotaka. Angetaka baraza saba, sabini, angetaka nini, jibu lilikuwa ndiyo, na nilikuwa nalo mfukoni tangu nilipoondoka. Ningelisema, ningetikisa kikombe, tungekuwa garini. Lakini nina miaka ishirini na sita kwenye duara la mnada, na katika miaka hiyo sijapokea bei ya kwanza ya mtu hata siku moja. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Moja," nikasema.

Huweishil akamimina cha tatu. Yeye naye ni mtu wa soko, na nadhani alifurahi. Akasema yule mwanamke alimfanya kichekesho kwa miaka mitatu, na mimi nataka alipe kwa pumzi moja. Nikasema mwanamke mjane kusimama mbele ya wanaume mara moja ni sawa na mwanamume mara saba. Akasema akivuta kamba yeye havuti kwa sababu ya ujane wa mtu. Akashuka mpaka tano. Nikapanda mpaka mbili. Akaniambia Mzinjibari, kama si joto ningekuajiri. Tukacheka. Nasema kweli, tulicheka.

Kilipofika cha nne akasema tatu, na hapungui tena. Ndipo nikatikisa kikombe.

Nikamwambia tumeelewana. Akafunga turubai lake, akawawekea ngamia maji, akatafuta kamba, tukaondoka. Na yeye angeweza kusimama tangu neno la kwanza, hilo silisemi kwa kujisafisha, nalisema kwa kuwa ni kweli.

*

Mizna alikuwa amefukua magurudumu yote manne peke yake, na chini ya difu zote mbili, kwa sufuria ya kupikia wali. Kucha zake zilikuwa zimevunjika. Shela lake alikuwa amemfunika nalo Samha macho, limelowa, na galoni lilikuwa limelala tupu. Samha alikuwa hatoi tena ule mlio wake, alikuwa anapumua tu, mdomo wazi.

"Ngapi?" Mizna akaniuliza.

"Tatu," nikasema. "Alianza saba."

Akanitazama. Barakoa haionyeshi kitu, lakini macho yako nje.

"Ulimshusha kutoka saba."

"Ndiyo."

"Kwa vikombe vingapi?"

Kumdanganya nilishajaribu zamani. "Vinne," nikasema.

Aligeuka akaenda nyuma ya gari, akaufinya unyayo. Haukujivuta. Akaufinya tena, kwa nguvu, mpaka mimi nikaumia.

"Wakati gari lenu linatokea kileleni pale," akasema, "alikuwa anavuta."

"Labda amechoka, binti Said," Huweishil akasema, na ile tabasamu yake ilikuwa imekwisha. "Watoto huchoka."

Mizna aliichukua kamba mkononi mwa Huweishil akaifunga mwenyewe.

Kazi yenyewe Huweishil aliifanya vizuri na sitamnyima hilo. Hakusogea karibu. Alisimama juu ya mgongo mgumu, urefu wa kamba mbili, akataka tuvutwe kinyumenyume, kwenye alama zetu wenyewe ambako mchanga ulikuwa umeshakandamizwa. Akayatoa upepo matairi yake bila kuambiwa. Mizna akaketi kwenye usukani, mimi nikaambiwa nikae nyuma nishike shingo na nisishike kitu kingine.

Kamba ikakaza. Gari likatetemeka, likapanda kidogo, likarudi. Mara ya pili likapanda zaidi, na tukalisikia tumbo likikwangua, kisha likakwama tena, na kamba ikalia kama inataka kukatika. Mizna akapiga honi mara moja asimame. Akashuka, akalala kifudifudi kwenye ule moto, akafukua kwa mikono chini ya ekseli ya nyuma, mahali sufuria haifiki. Huweishil alisimama akimtazama. Kisha naye akavua kilemba, akalala upande wa pili, akafukua. Nilisikia mikono yao tu, inakwaruza.

Mara ya tatu gari lilitoka. Lilitoka kwa urahisi wa kuudhi, kama halikuwahi kukwama. Mizna hakusimama kushukuru. Aliliacha lishuke kinyumenyume mpaka chini pagumu, Huweishil akafungua kamba, na yeye akageuza, akakizunguka kilima kwa chini, akaenda.

Hakuinua mguu mpaka Mintirib. Samha alilia njiani mara mbili.

Tulifika sala ya adhuhuri imekwisha. Daktari alilala kwenye sakafu ya zege akafanya kazi karibu saa nzima, jasho linamdondoka puani, akamgeuza yule mtoto kichwa, akamtoa. Alikuwa jike, rangi ya mama yake, kope ndefu. Daktari alimfuta pua, akampuliza, akampigapiga mbavu, akamshika kifuani kwa muda.

"Bado ana joto," akasema. Akainuka akaenda kumshughulikia mama, kwa kuwa huyo alikuwa na la kufanyiwa.

Hakusema amekufa tangu lini, na hakuna aliyemwuliza. Mizna alikaa chini karibu na yule mtoto, akamnyoosha miguu yote minne vizuri, mmoja mmoja, kama anayempanga alale. Ule mguu uliotangulia kutoka ulikuwa umevimba. Aliushika mkononi muda mrefu, na mimi nikatoka nje kwenda kujaza matairi upepo.

*

Alhamisi alikuja Sinaw. Nilitarajia atume mtu aseme ameugua, na hata Huweishil, nilivyomwona, alikuwa anatarajia hivyo na asingechukia. Alikuja mapema. Alisubiri duara la mnada lijae, mbuzi wakizungushwa, wanaume wamekaa bega kwa bega, kisha akasogea pale wenye kahawa walipokaa. Mzee mmoja akamkaribisha, akamwuliza habari.

"Habari ipo," Mizna akasema. "Nilizama Hababi Jumatatu, nikipanda na ngamia mgonjwa. Niliinua mguu. Aliyenitoa ni Huweishil bin Dugheish."

Mbuzi aliyekuwa anazungushwa akapita na mwenye kumzungusha bila bei kutajwa. Mizna akashukuru kwa kahawa, akaenda baraza ya pili, kwa wauza visu, akasema maneno yaleyale. Akaenda ya tatu, karibu kabisa na nilipokaa mimi na wateja wangu, akasema tena, bila kuongeza neno, bila kupunguza. Nilikuwa nangoja aseme nani alikuwa kwenye usukani mara ya pili, na nani alikunywa nini kwa Huweishil. Hakusema. Alisema yake tu. Akaingia garini akaondoka.

Jioni ile niliuza pikapu mbili.

Huweishil alipata alichotaka. Watu waliacha kumwuliza kama habari imeanza kunuka. Badala yake walianza kumjua kuwa ni mtu anayetoa magari, na jina hilo lilikuja na kazi yake: wanamwamsha adhuhuri, wanamwamsha wakati wa kuwakimbiza ngamia wake mazoezi, na kwa vile hakuwahi kupanga malipo anashindwa kuwadai kitu. Ameshauza Landikruza ile, klachi imekwisha. Aliniuzia mimi. Alipokuwa anahesabu matairi ya akiba aliniambia, pasipo mimi kumwuliza, kwamba laiti siku ile ningesema saba, yeye angekubali papo hapo. Nikamwambia ni yeye aliyesema saba, mimi ndiye niliyepaswa kukubali. Akafikiri, akasema kweli.

Samha alipona. Ilichukua msimu mzima, na wengi walisema hatashika mimba tena, lakini alishika, na mwaka wa tatu akazaa jike, kichwa na miguu mahali pake. Ndama yule Mizna hakumuuza. Mbuzi, kondoo na lile gari la pili alilonunua baadaye vyote vilipitia kwa dalali mwingine, kijana wa Mudhaibi asiyejua kushusha bei ya kitu chochote, na nimepiga hesabu ya faida niliyoikosa na ni bora nisiitaje.

Yeye bado anavuta watu, na bado anadai habari. Saba. Kwa watu wengine huwa anashuka.

Nami nikipita bonde lake bado ananikaribisha, kwa kuwa hawezi kumpita mtu mlangoni pake bila kumkaribisha. Anatandika mkeka, anasukuma tende, ananimiminia kikombe kimoja. Ananiuliza habari, najibu hakuna ila kheri. Kisha anaiweka birika chini, mbali na mkono wangu, kabla sijatikisa.